Mama Aliyenifuata Nyuma ya Turubai

Nilikuwa nakunja meza yangu ya mazingaombwe. Sherehe ya kipaimara, pale Uyole, Mbeya, ilikuwa imefikia ile hatua ambayo MC hasikilizwi tena, soda za mwisho zinagombaniwa, na watoto wanakimbizana na mbwa wangu wa puto ambao nusu yao tayari hawana mikia. Mimi niko nyuma ya turubai natafuta pampu. Kila sherehe lazima awepo mtoto mmoja anayeikalia.

"Mwanangu."

Nikageuka. Mama wa makamo, kitenge kipya, koti la baridi juu yake. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" ya haraka, ya mtu asiyetaka salamu zimcheleweshe. Kisha mkono ukatoka chini ya kitenge. Noti tano za elfu kumi, zimekunjwa zikabanwa kwa mpira wa kufungia nywele.

"Niongezee hizi. Hata ikifika laki tu, inatosha."

Nikacheka.

Yeye hakucheka.

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimechana gazeti vipande vya ukubwa wa noti mbele ya wageni wote, nikavipuliza, vikawa elfu kumi kumi. Yeye alikuwa mstari wa pili, nakumbuka lile koti, akipiga makofi. Nikamwambia, mama, ule ni mchezo tu, ni mikono. Akanitazama kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kutunza siri.

"Najua huwezi kusema mbele za watu. Ndiyo maana nimekufuata huku."

## Nikikataa ndiyo nimekubali

Jaribu kumtoa mtu kwenye sentensi ile. Ukimwambia una uwezo, umemdanganya. Ukimwambia huna, wenye uwezo wa kweli ndivyo wanavyosema siku zote, na heshima yako inapanda.

Basi nikafanya jambo ambalo wenzangu wa kazi hii hawalipendi. Nikatoa kipande cha gazeti, nikamwonyesha pole pole. Noti zilipokuwa zimelala tangu nilipotoka nyumbani. Kidole kipi kinaficha, kidole kipi kinadanganya. Kwamba gazeti halikugeuka kuwa pesa hata sekunde moja. Lilienda mfukoni na pesa ikatoka. Nikarudia, safari hii nimesimama upande wake, ili aone kama ninavyoona mimi.

Alifuatilia kila kitu. Hakushangaa wala hakukasirika.

"Kwa hiyo na yule wa Tunduma alifanya hivi hivi?"

Sikuwa na la kujibu. Hakuniambia alimpa shilingi ngapi huyo wa Tunduma, na mimi sikuuliza. Akazirudisha noti chini ya kitenge, akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akarudi kwenye sherehe.

Wiki zimepita na bado lile swali linanijia nikiwa kwenye daladala, nikiwa napuliza, nikiwa nalala.

## Mimi na yule bwana

Simjui, ila kazi yake naijua. Michezo ya kuzalisha pesa haina mambo mengi. Unaanza na kidogo, elfu kumi inarudi elfu ishirini, na inarudi kweli, umeishika, umenunulia sukari. Ya pili inarudi pia. Ya tatu ndiyo unauza debe za mahindi na kukopa kikoba. Hiyo inafungwa kwenye kitambaa mbele ya macho yako, unakabidhiwa uende nayo nyumbani, na masharti juu: usifungue mpaka siku fulani, usimwambie mtu. Siku ikifika unafungua, ni gazeti lililokatwa vizuri.

Gazeti lile lile ninalokata mimi. Kubadilisha fungu moja kwa jingine wakati mtu anatazama pengine ni somo la kwanza la kazi yetu. Mimi na yule bwana tumesoma darasa moja.

Nikajitetea kwanza kwamba yeye anachukua pesa za watu. Sawa, lakini hata mimi silipwi kwa majani ya chai. Nikajitetea kwamba mimi naudanganya umma kwa ruhusa yake: kila mtu ukumbini anajua ni maigizo. Hapo ndipo lile koti la mstari wa pili linaponisimamia mbele. Nani alimwambia? Nilipopuliza gazeti nilisema ni nguvu za babu yangu wa Rungwe. Watu waliangua kicheko, na mimi nikachukulia kicheko kama saini ya mkataba.

Na tuelewane: sioni kwamba yule mama ni mjinga. Aliona kitu kimefanyika kwa macho yake, mchana, mbele ya mashahidi na mchungaji akiwepo. Akaja kuuliza bei. Kwa ushahidi aliokuwa nao, hiyo ni busara.

Tangu wakati ule nimekuwa nikipigiwa na namba ngeni pia. Sauti ya chini, "Samahani, wewe ndiye yule wa pesa?" Nilidhani ni mama amenitangaza.

## Sanduku lisilonyanyuka

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mfanya mazingaombwe aitwaye Jean-Eugène Robert-Houdin. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kisiasa: awaonyeshe Waalgeria kwamba nguvu za Wafaransa zinawapita viongozi wao wa dini waliokuwa wakifanya maajabu. Kisa chenyewe amekisimulia kwenye kumbukumbu zake. Alileta sanduku dogo ambalo hata mtoto angelibeba. Akamwita jukwaani mwanamume mwenye misuli, akatangaza kwamba anamnyang'anya nguvu. Yule mtu akavuta, akavuta, sanduku halikusogea. Chini yake kulikuwa na chuma, na chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme.

Nilipokuwa naanza kazi hii nilikipenda sana kisa hicho. Nilikuwa nakisimulia. Fundi mmoja, waya na betri, ukumbi mzima umeduwaa!

Sasa namfikiria zaidi yule mwenye misuli. Alirudi nyumbani kwake anaamini nini kuhusu mikono yake mwenyewe?

Halafu kuna upande wa pili. Kijana aliyezaliwa Budapest mwaka 1874 kwa jina la Erik Weisz alimhusudu Robert-Houdin kiasi cha kujiundia jina la jukwaani kutokana na lake: Houdini. Huyu, miaka yake ya mwisho kabla hajafa Oktoba 1926, alihangaika Marekani akiwaumbua watu waliokuwa wakitoza pesa ili wawaunganishe wafiwa na marehemu wao. Aliwaumbua kwa sababu alizijua mbinu. Kengele inayolia gizani yenyewe, meza inayoinuka, yote hayo alikuwa anaweza kuyafanya mwenyewe.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia haya ni mambo yetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Wateja wa wale matapeli wa Marekani walikuwemo wasomi wenye mashahada, na walilipa kwa dola.

Fundi mmoja na mwenye kuchukua jina lake, ujuzi ule ule, lakini wameelekea njia mbili tofauti kabisa. Nilitaka kujua njia zinaachana wapi hasa.

## Anayeanguka

Jibu la kwanza lilinijia nikiwa natazama vipande vya zamani vya mchekeshaji King Majuto, ambaye tulimpoteza Agosti 2018. Mzee yule karibu kila mara alikuwa na mpango. Atamzidi akili jirani, atamzidi mkwe, atakula bila kulipa. Na karibu kila mara mpango ulimrudia mwenyewe, na ile sura yake ikiporomoka ndipo nchi nzima ilipokuwa inacheka. Hukuhitaji kuambiwa kwamba anaigiza. Mtu anayeshindwa mbele yako hawezi kukutisha.

Tapeli hashindwi. Umewahi kumwona tapeli kachanganyikiwa, karata zimemdondoka, anaomba dakika moja ajipange? Tapeli hacheki, na hataki ucheke, maana ukicheka unamtazama jirani yako, na jirani yako ni shahidi. Yeye anakutaka peke yako, nyuma ya turubai.

Mazingaombwe ya kuchekesha yanakwenda kinyume chake. Unakosea makusudi. Unatafuta kitambaa ambacho watoto wote wanakiona kimening'inia mgongoni kwako, wanapiga kelele "nyuma! nyuma!", unageuka, kinageuka na wewe. Watoto wanakuwa wajuzi, mwenye suti anakuwa bwege. Mwisho ndipo kitu kinatokea kweli, na hata hapo wewe mwenyewe unaonekana kushangaa kuliko wote.

Sasa ule mchezo wangu wa gazeti ulikuwa na nini? Utani juu, maneno ya babu, lakini ndani yake hakuna anayeshindwa. Mtu anapuliza, pesa inatokea, anaiweka mfukoni. Ukifuta utani, kinachobaki ni kile cha Tunduma bila kupunguza kitu.

## Mbele ya macho

Maputo niliyaongeza kwa sababu za biashara. Mchezo ukiisha, mtoto anataka kitu cha kwenda nacho nyumbani, na mwenye sherehe anataka kuona pesa yake imeenea. Nilikuwa nayaona kama nyongeza. Wazee wa kanisa waliniambia mara nyingi, "wewe lete maputo tu, hayo mengine acha," nami nilikuwa nachukia kidogo, kama mpiga gitaa anayeambiwa atosheke na kuimba pambio.

Puto la kusokota tunaliita mbili sitini. Likijaa linakuwa inchi 2 unene na inchi 60 urefu, yaani kama sentimita 5 kwa 150. Ni utomvu wa mpira, si plastiki, na kwa hiyo lina tabia zake. Juni na Julai Uyole ukilitoa kwenye begi asubuhi linakuwa gumu, pampu inarudi, au linakupasukia usoni. Nayaweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, nusu saa kabla. Jua nalo adui: puto lililokaa juani linafifia, linakuwa na ukungu, kisha linapasuka bila kuguswa. Na majani makavu ya uwanjani, usiniulize.

Kuna moja lilinichukua muda kulielewa. Ukisokota mapambo Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukayashusha Kyela kwenye sherehe ufukweni, yanafika yamelegea na pingili zinateleza. Hayajavuja. Kule chini, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, hewa ni nzito zaidi na inalibana puto. Ukifanya kinyume, ukayasokota Kyela yakaja Mbeya, yanakuja yamekaza na njiani unaanza kusikia pa, pa, kabla hujafika Tukuyu. Siku hizi nasokotea pale pale kwenye sherehe, na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu.

Nikisokota, watoto hukaa kimya.

Najaza, naacha mkia mtupu wa upana wa vidole vinne, kwa sababu kila unapozungusha, hewa inasukumwa mbele na lazima ipate pa kwenda. Kabla ya fundo naachia hewa kidogo, psss, ngozi ilegee. Pingili ya pua. Mbili za masikio, zinakunjwa pamoja, zinazungushwa, mpira unalia ule mlio unaowafanya wazibe masikio. Shingo. Miguu ya mbele. Unazungusha upande ule ule kila mara, maana ukienda kushoto kisha kulia, ulichofunga kinajifungua. Mgongo, miguu ya nyuma, kilichobaki ni mkia. Mbwa kasimama.

Hakuna kilichofichwa. Mtoto amekiona kila kitu, mwanzo hadi mwisho, na bado mdomo umeachama. Wa pili akija anajua kinachofuata na ananisahihisha. "Anko, umeruka mguu." Wa tatu anataka bodaboda, na hapo mimi ndiye ninayepata shida.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifuata pembeni aniombe nimzidishie mbwa wake.

Nikachukua na ule mchezo wa spoku ya baiskeli. Unainoa ncha, unaipaka mafuta ya kupikia kidogo, unaipitisha kwenye puto la duara lililojaa, inaingilia huku inatokea kule, puto halipasuki. Zamani nilikuwa naufanya na kuondoka. Sasa naufanya, kisha nawaambia: tazameni pale karibu na fundo na kule mwisho kabisa, rangi imekolea, mpira haujavutwa sana. Pitisha hapo. Ukipitisha ubavuni, ambako umevutwa, pa! Wanakimbilia nyumbani kwenda kumaliza spoku za baba zao. (Wazazi: vipande vya puto lililopasuka okoteni mara moja. Mtoto mdogo akikiweka mdomoni kinaweza kumziba pumzi, na hata pakiti zinaonya kwa walio chini ya miaka 8.)

Siri niliitoa na mchezo haukufa. Nilifundishwa kwamba ungekufa.

## Makato

Mchezo wa pesa sikuutupa. Niliugeuza.

Sasa namwita mwenyekiti wa kamati mbele, namwomba elfu kumi yake mwenyewe, anaandika namba ya noti kwenye kiganja. Naifunga kwenye gazeti, napuliza, nafungua. Sarafu ya mia tano.

"Nyingine ni makato."

Ukumbi unalipuka, kwa sababu hakuna mtu pale ambaye hajawahi kutuma pesa kwa simu. Nasema subirini, mtandao unasumbua, napuliza tena. Mia mbili. Naanza kutokwa jasho. Napuliza kwa nguvu zote za ukoo. Hamsini. Mwenyekiti anavua koti, watoto wanapiga kelele "rudisha! rudisha!", nami nawauliza kama ningejua kuongeza pesa ningekuja kwa bodaboda ya mkopo? Mwishowe napasua puto ambalo mtoto mmoja amelishikilia tangu mwanzo, na ndani yake imo noti, namba zile zile. Elfu kumi. Haijazaa hata senti.

Wanaume wazima wanacheka mpaka wanashika meza. Lakini si kila mahali umepokewa vizuri. MC mmoja, mtu ninayemheshimu, alinivuta pembeni: "Kaka, sherehe ni baraka. Watu wanakuja kuona vitu vinaongezeka, wewe unapunguza." Na ana hoja. Ule wa zamani ulikuwa unamalizika kwa watu kuja kunitunza. Huu unamalizika kwa watu kumpa pole mwenyekiti. Mfuko wangu umeiona tofauti. Familia moja iliniomba waziwazi nifanye ule wa gazeti, walikuwa wameuona Mbalizi. Nilikataa, na bado sina uhakika kama kukataa kulimsaidia mtu yeyote. Aliyekwenda Tunduma amekwishakwenda.

## Kaka yangu wa Iringa

Kuna mwenzangu anafanya kazi hii Iringa na Mafinga, mkubwa kwangu kiumri na kikazi, ndiye aliyenipa pampu yangu ya kwanza. Yeye anaendelea na mchezo wa gazeti na hana mpango wa kuuacha. Tumebishana kwa simu mpaka vifurushi vikaisha. Anasema mimi nimejipa uchungaji bila kuwekewa mikono. Anasema mtu anayetaka kutapeliwa atatapeliwa tu hata mazingaombwe yakipigwa marufuku kesho, na kwamba mshangao wa dakika moja ni haki ya mtu aliyelima wiki nzima. Hilo la mwisho nalipa uzito.

Juzi nikamuuliza lile nililokuwa nazunguka siku zote. Kwako wewe, hakuna anayekufuata baada ya mchezo?

"Wananifuata kila sherehe."

"Unawaambiaje?"

"Nawauzia puto. Elfu moja moja."

"Na wanaokataa puto?"

Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia anacheka.

"Hao nawapa namba yako."